Riwaya za ndoa zisizo na mkosaji: kwa nini tunazisoma kana kwamba tumeketi kwenye baraza la usuluhishi?

Mleta uzi, Dodoma Mjini

Wanajamvi, salaam.

Katika mazungumzo ya vitabu hapa Dodoma, iwe ni baina ya walimu, watumishi wa wizara au wanafunzi wa UDOM, nimeona kwamba msomaji akimaliza riwaya inayosimulia ndoa iliyochakaa huwa na swali moja la kwanza, nalo ni kosa lilikuwa la nani. Akilipata jibu hutulia. Asipolipata hukigeukia kitabu chenyewe na kusema kwamba hakina funzo, kwamba mwandishi wake amekata tamaa ya maisha, au kwamba hayo ni mashaka ya watu walioshiba. Nimeanzisha uzi huu kuzitetea riwaya ambazo hazimtoi mkosaji, zile zinazoeleza kwa uwazi usiopendeza jinsi watu wawili wenye adabu zao, wasiopigana wala kuibiana, wanavyoweza kuishi nyumba moja miaka mingi bila kuridhika, na hatimaye wasijue wamlaumu nani.

Mfano ulio safi kuliko yote ninayoifahamu ni wa Mmarekani Evan S. Connell, ambaye mwaka 1959 alitoa riwaya iitwayo Mrs. Bridge, inayomhusu mama wa nyumbani wa mji wa Kansas City katika miaka ya kuelekea Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kitabu kina sura 117, nyingi zikiwa fupi sana, na karibu hakuna tukio kubwa ndani yake. Mume ni mwanasheria mchapakazi, hampigi mkewe, hamnyimi chochote, na anaitunza familia kwa kiwango ambacho wazazi wengi wa hapa wangemwombea binti yao. Watoto watatu wanakua na kumponyoka mama yao mmoja baada ya mwingine. Mama mwenyewe ana mtumishi wa kazi za ndani, ana gari, na ana saa nyingi za mchana asizojua azifanyie nini. Mara anaanza kujifunza Kihispania, mara anafikiria kumwona mtaalamu wa nafsi, na kila jambo linakomea njiani. Katika kurasa za mwisho, mumewe akiwa ameshafariki, gari linamzimikia likiwa bado halijatoka lote kwenye gereji, milango inakwama kwenye kuta, naye anagonga kioo akiuliza kama kuna mtu huko nje. Kitabu kinaishia hapo.

Wapo watakaosema kwamba mkosaji yupo, kwamba ni yule bwana asiye na maneno, anayerudi kazini usiku na kujifungia na makabrasha yake. Nami ningekubaliana nao kama Connell asingeandika kitabu cha pili. Miaka 10 baadaye, mwaka 1969, alitoa Mr. Bridge, nyumba ileile na watoto walewale, sasa ikitazamwa kutoka upande wa mume. Msomaji aliyekwisha kumhukumu anakutana na mtu anayeipenda familia yake kwa dhati, anayeshindwa kulitamka hilo hata pale neno linapokuwa limeshafika kwenye ulimi, na anayewapa watoto zawadi ya Krismasi ya hisa za kampuni kwa sababu kwake usalama wa kesho ndiyo namna ya kupenda. Ni mgumu, ana ubaguzi wa watu wa tabaka na zama zake, na mwandishi hamfichi. Lakini si mwovu wa hadithi. Ukivisoma vitabu hivi viwili kwa pamoja unabaki na huzuni isiyo na mahali pa kuegemea, na ninaona kwamba hakuna kitu kigumu zaidi kwa msomaji kuliko hicho, kwa maana hasira angalau ina mtu wa kuelekezewa.

Sasa tutazame rafu zetu. Sidai kwamba fasihi ya Kiswahili imeikwepa familia, kwa sababu imeisema, tena kwa ukali. Euphrase Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971 kitabu hicho kilizuiwa mashuleni kwa muda kwa kuwa kilitaja bila kupamba mambo ambayo wakubwa walipenda yabaki yalipo, na mpaka leo sijasoma katika Kiswahili picha ya nyumba yenye hofu inayoizidi ile ya Zakaria na Regina kule Ukerewe. Said Ahmed Mohamed, katika Utengano ya mwaka 1980, alitupa Maksuudi aliyewafungia ndani mkewe Tamima na binti yake Maimuna. Shafi Adam Shafi, katika Vuta N'kuvute, alitupa Yasmin, msichana mdogo aliyeozwa kwa Raza, mwanamume wa makamo asiyelingana naye kwa lolote. Hizi ni riwaya kubwa, lakini tazama jinsi kila moja inavyomkabidhi msomaji mtu wa kumnyooshea kidole. Ondoa ulevi wa Zakaria, ondoa kufuli za Maksuudi, ondoa umri wa Raza, na hadithi inakosa kinachoisukuma. Hata Kichwamaji ya Kezilahabi huyohuyo, ya mwaka 1974, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyoikaribia zaidi ile hali ya kutoridhika isiyo na sababu ya kutajika, bado imeweka kisasi na ugonjwa katikati ya njia, na Kazimoto anapoishia kujiua msomaji mvivu anaweza kujiambia kwamba ni kisasi kilichomrudia.

Kinachokosekana ni riwaya ya Kiswahili ya mume asiyelewa na mke asiyetoka nje ya ndoa, wenye mishahara ya kutosha ada na kiwanja, ambao jioni wanakaa sebule moja kila mmoja na simu yake, na wala hawajagombana. Elieshi Lema aliisogelea hali hiyo katika Parched Earth ya mwaka 2001, lakini kwa Kiingereza, kwa hiyo mama yangu mdogo aliyeko Kibaigwa, ambaye ndiye msomaji mkali kuliko wote katika ukoo wetu, hawezi kuisoma.

Kuna jambo la kisheria linalonisaidia kulifikiria hili. Mwaka uleule wa 1971 ambao Rosa Mistika ilitoka, Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa, ambayo kwa kawaida inawataka wanandoa wanaotaka talaka wapite kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa kabla ya kwenda mahakamani. Sheria haisemi kwamba lazima mmoja awe na hatia. Inachotaka ni mahakama iridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Hata hivyo, inapoorodhesha mambo yanayoweza kuwa ushahidi wa kuvunjika huko, inataja ugoni, ukatili, kutelekeza, kumwacha mwenza kwa miaka isiyopungua 3, na mengine ya namna hiyo. Aliyewahi kusikiliza shauri la ndoa kwenye ofisi ya kata anajua kinachofuata: wazee wanauliza amekufanyia nini, na anayejibu kwamba hajanifanyia kitu, ila sioni tena kwa nini tuko pamoja, anaonekana mtovu wa adabu au mtu mwenye siri. Sisi wasomaji tumeibeba desturi hiyo ya kusikiliza na kuingia nayo kwenye riwaya.

Na kwa nini nasema jambo hili linaihusu Dodoma kwa namna ya pekee? Kwa sababu mji huu umejaa nyumba ambazo hazikuvunjwa na mtu yeyote. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa mwaka 1973, lakini serikali ilianza kuhama kwa kishindo baada ya tangazo la Rais Magufuli la mwaka 2016, na maelfu ya watumishi wakaja na masanduku yao huku wenzi wao wakibaki Dar es Salaam kwa sababu ya kazi, shule za watoto, au nyumba ambayo mkopo wake haujaisha. Hakuna aliyekosea. Barua ya uhamisho ilikuwa halali, sababu za mwenza kubaki zilikuwa halali, na wote wawili walikubaliana kwamba ni kwa muda. Ukipita Kisasa, Ilazo au Nzuguni jioni utaziona nyumba nzuri zenye taa moja inayowaka. Tangu treni ya SGR ilipoanza kufika hapa mwaka 2024, safari iliyokuwa ya siku nzima kwa basi imekuwa ya saa chache, na wengi tulidhani tatizo limekwisha. Kumbe wapo waliogundua kwamba umbali ulikuwa umewapa sababu ya heshima ya kutozungumza, na sasa sababu hiyo imeondolewa. Mambo hayo hayatokei kwenye semina za ndoa wala kwenye risala za harusi. Yanahitaji riwaya, tena riwaya isiyokuja na fimbo.

Najua hamu ya kuona nyumba ikitengenezwa ni ya kale, na si yetu peke yetu. Henrik Ibsen alipoandika tamthilia yake ya mwaka 1879 ambayo mwishoni Nora anamwacha mumewe na watoto na kutoka nje, mwigizaji mmoja mashuhuri wa Ujerumani alikataa kuigiza mama anayewaacha wanawe. Ibsen, akihofia kwamba mtu mwingine angeibadilisha vibaya zaidi, aliandika mwenyewe mwisho mwingine ambamo Nora anapelekwa kwenye mlango wa chumba cha watoto na kuishiwa nguvu, asiondoke. Yeye mwenyewe aliuita mwisho huo unyama dhidi ya kazi yake. Nikisoma maoni ya wasomaji wetu mitandaoni wakidai sehemu ya pili ambamo mume anarudi na maua, huwa namkumbuka Ibsen akiketi kuandika ukurasa asioutaka.

Swali langu kwenu ni hili: mmewahi kusoma kitabu cha namna hii hadi mwisho, na mlikifanya nini mlipokosa mtu wa kumlaumu?

Mwalimu wa Kiswahili, Mpwapwa

Mleta uzi, umegusa penye maumivu yangu ya kila siku. Napenda kuongeza kwamba tabia unayoilalamikia haikuanzia barazani, bali sisi walimu tumeifundisha kwa bidii. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anapokutana na Takadini au Watoto wa Mama N'tilie, anaelekezwa kutafuta dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo wa mwandishi, na anajua kwamba mtihani utamdai hoja zenye mifano. Sekai anakimbia na mtoto wake mwenye ualbino, ujumbe ni kwamba tusiwabague wenye ualbino, alama zimepatikana. Sisemi kwamba ujumbe huo si wa kweli. Nasema kwamba kijana aliyesoma hivyo kwa miaka minne, kisha miaka miwili mingine ya kidato cha tano na sita, akipewa kitabu kisicho na ujumbe unaoweza kuandikwa kwa sentensi moja, atadhani amedanganywa na muuza vitabu.

Mwaka fulani niliwasomea wanafunzi wa kidato cha sita, nje ya mtaala, sura chache za Mrs. Bridge nilizokuwa nimezitafsiri mwenyewe kwa mkono. Walisikiliza kwa utulivu kuliko nilivyotegemea. Kisha binti mmoja akauliza kwa nini yule mama hakumwambia mumewe kwamba ana upweke, na mvulana aliyekaa nyuma akajibu kwamba pengine alimwambia, ila kwa maneno mengine. Sikuongeza kitu, na sikuwapa swali la kuandika. Ningewapa swali wangeniandikia umuhimu wa mawasiliano katika familia.

Pamoja na hayo nina pingamizi moja kwako. Umemtaja Ebrahim Hussein? Hukumtaja. Katika tamthilia yake Wakati Ukuta, Tatu na mama yake wanagombana kuhusu kwenda sinema na Swai, na ukiitazama kwa makini hakuna mwovu kati yao, kuna zama mbili zilizokutana kwenye mlango mmoja. Kwa hiyo mbegu unayoitafuta ilishapandwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ila sisi tunaofundisha tumeipalilia upande mmoja tu, wa mgongano wa kale na usasa.

Mkazi wa Nkuhungu

Walioshiba ndio wenye nafasi ya kuchoshwa na wenzi wao. Huku kwetu mtu akirudi na unga, ndoa ipo.

Mama Kondoa

Wanangu, nimewasoma wote kwa makini, na ninaomba mnivumilie kwa kuwa mimi si mtu wa fasihi, ni muuguzi mstaafu ambaye amesoma riwaya nyingi usiku wa zamu. Hoja ya mleta uzi ni nzuri, lakini amepita haraka sana juu ya jambo lililonisimamisha. Rosa anajiua. Kazimoto anajiua. Vitabu hivi vinavyosifiwa kwa ukweli wake vina desturi ya kumfikisha msomaji kwenye ukingo na kumwacha pale, na mwandishi akishamaliza anaenda kulala. Mimi nimekaa na watu walioletwa hospitali wakiwa wamekunywa dawa ya kuulia wadudu kwenye zabibu, na wengi wao hawakuwa na mume mlevi wala mke mgomvi. Walikuwa na ile hali hasa mnayoizungumzia, ya kutojua wamlaumu nani. Mtu wa namna hiyo ukimpa kitabu kinachomwambia kwamba hali yake ni ya kweli na haina mlango, umemfanyia nini?

Wala sikubali kwamba mashauri yetu ya zamani yalikuwa ya kutafuta mkosaji tu. Bibi zetu walipokuwa wakisaga waliimba, na nyimbo nyingi za kusaga zilikuwa malalamiko ya wazi kuhusu mume, mawifi na kazi isiyokwisha. Tofauti ni kwamba aliyelalamika alikuwa na mwenzake upande wa pili wa jiwe. Riwaya inasomwa na mtu mmoja, mlango ukiwa umefungwa. Hilo ndilo linalonitia shaka, zaidi ya hayo maneno makali mnayoyaogopea.

Mtumishi, Mtumba

Mleta uzi, umeniandika mimi bila kunijua, na kwa sababu hiyo nitasema machache. Nimehamia hapa pamoja na wizara, mke wangu yuko Dar es Salaam, na Ijumaa jioni ninapanda treni pamoja na wanaume na wanawake wengi ambao sasa tunajuana kwa sura. Si kweli kwamba tunasafiri tukiwa na furaha ya kwenda nyumbani, wala si kweli kwamba tuna huzuni. Wengi tunalala mpaka Morogoro, na baada ya hapo kila mtu anaanza kujibu ujumbe.

Niliwahi kusoma Revolutionary Road ya Richard Yates, ya mwaka 1961, kwa kuwa mwenzangu wa ofisini aliiacha mezani. Frank anafanya kazi asiyoiheshimu katika kampuni ya mashine za ofisi, April alitaka kuwa mwigizaji, na wote wawili wanaamini kwamba wao si kama majirani zao wa kitongojini. Wanapanga kuhamia Paris, na katika zile wiki za kupanga wanapendana kuliko wakati mwingine wowote kitabuni. Kisha April anapata mimba, Frank anaonjeshwa cheo, na mpango unakufa bila mtu kutamka kwamba umekufa. Mwisho wake ni mbaya sana na sitaueleza hapa baada ya maneno ya mama. Kilichonishika ni ile mipango. Mimi na mke wangu nasi tuna Paris yetu, nayo ni shamba la zabibu huko Hombolo ambalo tungelinunua ili yeye aache kazi na aje. Tumelizungumzia kwa simu mpaka tunalijua lilivyo, na hatujawahi kwenda kuliona shamba lolote. Baada ya kusoma kile kitabu nilitambua kwamba shamba hilo ndilo mazungumzo pekee ambayo tunayafanya kwa sauti ya upole.

Naomba ushauri: nimpe mke wangu kitabu hiki asome, au nitakuwa nimemtumia barua ya lawama yenye jalada?

Wakili, Singida

Nitoe ufafanuzi mdogo kuhusu sheria, kwa kuwa umeieleza vizuri lakini umekiacha kipengele kinachokusaidia. Katika orodha ile ya ushahidi kuna pia utengano wa hiari uliodumu kwa miaka isiyopungua 3, ambao hauhitaji kosa la yeyote. Kwa hiyo sheria imeuacha mlango huo wazi; wanaoufunga ni watu wenyewe. Wateja wangu wengi ambao walitengana kwa amani hunitaka niandike ukatili kwenye madai, kwa sababu wanaona aibu kuwaambia wazazi wao kwamba hakuna kilichotokea. Kazi yangu nyingine huwa ni kuwakatalia.

Mleta uzi, Dodoma Mjini

Ahsanteni. Nitajibu kwa mpangilio ninaouweza.

Mwalimu, nakubali kuhusu Wakati Ukuta, na naongeza kwamba tabia ya kudai funzo haikuanzia kwenye mitihani yetu. Mwaka 1857 Gustave Flaubert alishitakiwa Paris kwa sababu riwaya yake ya mke aliyechoshwa na ndoa ya daktari wa kijijini ilidaiwa kuchafua maadili ya umma na dini. Aliachiwa huru, lakini sikiliza wakili wake alivyomtetea: alidai kwamba kitabu kinafundisha wema, kwa kuwa kinamtia msomaji hofu ya uovu kwa kuonyesha mwisho wake. Yaani hata mtetezi alilazimika kukigeuza kitabu kuwa hotuba ya kipaimara ili kipite. Flaubert alishinda kesi kwa hoja ambayo kitabu chake chenyewe hakiitaji.

Ndugu wa Nkuhungu, unga ni hoja nzito na siwezi kuidharau katika mkoa ambao wazee wake bado wanaitaja Mtunya, ile njaa kuu iliyowaangamiza Wagogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Lakini nyimbo za kusaga alizozitaja mama ziliimbwa na wanawake ambao hawakushiba, na walikuwa na ya kusema.

Mama, shikamoo. Maneno yako ndiyo yaliyonipa kazi, na sehemu yake moja siwezi kuijibu: nami nisingempa Kichwamaji mtu aliye kwenye giza, kama nisingeweza kukaa naye. Anayepitia hali hiyo anahitaji mtu wa kumsikiliza na hospitali kabla ya kitabu chochote. Hata hivyo naomba nikupe kisa kimoja kutoka Mrs. Bridge. Mama yule ana rafiki aitwaye Grace Barron, mwanamke mwenye akili na mashaka mengi, ambaye anajaribu mara kadhaa kuzungumza naye kuhusu utupu anaouona maishani mwao, na Mrs. Bridge kila mara anayageuza mazungumzo kwa upole. Grace anajiua. Mrs. Bridge anawaambia watoto wake kwamba rafiki yake amekula saladi ya samaki iliyokaa nje ya friji. Connell halaani, hahubiri, anaiweka tu ile saladi mbele ya msomaji na kuendelea na sura nyingine. Ninapoifikiria hofu yako ya mlango uliofungwa, naona kwamba katika kisa hiki mlango umefungwa na adabu, na kitabu ndicho kilichokuja kutueleza ulivyofungwa. Kuhusu kusoma peke yako nakuunga mkono moja kwa moja. Kama kuna watu wa Dodoma walio tayari, tunaweza kusoma sura chache kwa sauti pale maktaba ya mkoa, mwalimu akitukubalia tutumie tafsiri yake, na wewe mama ukipata nafasi ya kushuka kutoka Kondoa ningependa uwe upande wa pili wa jiwe.

Wakili, kisa cha wateja wanaoomba waandikiwe ukatili ambao haukutokea ni riwaya tayari. Kama huna mpango wa kuiandika, waandishi waliomo humu wamekusikia.

Ndugu wa Mtumba, usimpe. Si kwamba kitabu ni kibaya, bali kwa sababu kinapotoka mkononi mwako atakisoma akitafuta mistari uliyomkusudia, na Yates ana mistari mingi ya namna hiyo. Kama mnataka kusoma pamoja, anzeni na vile viwili vya Connell na mpishane: wewe usome kwanza kile cha mke, naye asome kile cha mume, na msiambizane lolote mpaka kila mmoja amalize. Halafu Jumamosi moja, badala ya wewe kupanda treni, yeye apande aje huku, na mwende Hombolo mkaulize bei ya shamba.